Hali ya Nne

Mwesiga ndiye aliyemfundisha Shamsa kazi ya kutengeneza tovuti. Binti huyo wa Bukoba mjini alifika kwenye ofisi yake ndogo pale Kahororo akijua kuwasha kompyuta na si zaidi. Mwesiga alimwelekeza kwa uvumilivu, na watu walipomsifu mwanafunzi wake, alifurahi. Furaha hiyo ilidumu mpaka wateja walipoanza kumpigia Shamsa moja kwa moja.

Aliyemuuma zaidi ni Bi Consolata wa Muleba, anayekaanga kahawa na kuiuza mtandaoni kwa watu waliojiunga kupelekewa kila mwezi. Duka hilo la mtandaoni Mwesiga alilijenga mwenyewe, pamoja na plagini yake, yaani kiprogramu cha nyongeza kinachohesabu waliojiunga. Lakini plagini ilihesabu wote kwa pamoja: anayeendelea, aliyesimamisha kwa muda, hata aliyekwisha kuacha. Bi Consolata akawa anakaanga kahawa nyingi kuliko inayohitajika. Alipotaka irekebishwe, iwatenganishe watu kulingana na hali zao, kazi alimpa Shamsa.

 Nyumbani, mke wa Mwesiga alimuuliza mbona hagusi ndizi zake za ebitoke, akajibu kwamba amechoka.

Shamsa alipomaliza, alimletea Mwesiga msimbo wa programu aukague kama ilivyokuwa desturi yao. Mwesiga aliusoma kama mtu anayechambua mchele, akitafuta jiwe. Ulikuwa safi, mfupi kuliko wake, na hilo lilimchoma. Kisha akaliona kosa. Shamsa alihesabu hali tatu, akasahau ya nne: wateja walioomba kuacha, lakini mwezi waliolipia haujaisha. Hao bado walistahili kahawa yao, na hesabu mpya haikuwaona kabisa.

"Iko sawa," alisema, akamrudishia kompyuta. "Iweke tu."

Wakati wa kutuma mizigo ulipofika, kahawa ilipungua. Wateja walimpigia simu Bi Consolata, wakilalamika kwamba wamelipa lakini wamesahaulika kwa sababu tu wameaga. Mwesiga alipozipata habari hizo, moyo wake ulikuwa mwepesi. Alikaa karibu na simu, akingoja kuombwa msaada.

Bi Consolata hakumpigia. Alimpigia Shamsa, naye akakubali kosa, akaomba radhi, akalirekebisha. Kesho yake alipanda basi hadi Muleba kusaidia kufunga vifurushi vya waliokosa.

Aliporudi ofisini alivuta kiti, akaketi mbele ya Mwesiga.

"Kaka, ile hali ya nne, uliiona?"

"Ningeiona ningekwambia."

 "Wewe ndiye uliyenifundisha nisiisahau," Shamsa alisema. "Tulipokuwa tunatengeneza lile duka la vanila. Mimi nilisahau. Wewe pia ulisahau?"

Mwesiga aliinamia kibodi yake, akaandika maneno yasiyo na maana, akayafuta. 

Tangu hapo Shamsa humwamkia kwa heshima ile ile, lakini hamletei tena msimbo wa kukagua. Huutuma kwa kijana mmoja wa Mwanza aitwaye Hafidhi, waliyefahamiana mtandaoni. Mwesiga huwasikia kwenye simu wakibishana juu ya mstari mmoja tu, wakicheka, kisha wakirudia kubishana. Siku hizi Bi Consolata akimpigia Shamsa, Mwesiga hajali sana. Wivu wake umehamia kwa huyo Hafidhi, ambaye hajawahi hata kumwona sura.