Kibao cha Bombani

Juzi, mtaani Kabalagala, nilikuta kibao mlangoni mwa hoteli: "First come, first serve." Papo hapo nikasikia harufu ya sabuni na matope ya bombani, katika kambi ya polisi nilikokulia.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilifika wa kwanza na jerikeni langu. Maneno hayohayo yalikuwa juu ya bomba, na shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba "serve" ni kuhudumia. Basi nikaelewa kwamba anayetangulia kufika ndiye anayewahudumia wengine. Nikaweka jerikeni pembeni, nikawajazia maji wanawake wote waliofika. Jirani yetu Mama Akello alirudi na la pili. Hakuna aliyenikataza, watu wazima wale. Kisha bomba likakohoa, likakauka.

Mama alikuja akakuta jerikeni letu tupu. Mama Akello akamwambia, "Mtoto yako iko na adabu sana."

Kofi la mama bado nalisikia.

Siku hizi najua kwamba palikosekana "d" mwishoni: anayetangulia ndiye anayehudumiwa. Juzi hiyo nilimwambia mwenye hoteli akirekebishe kibao chake. Akacheka. "Nyabo," yaani bibi, "watu wanaelewa tu."

Najua. Hata Mama Akello alielewa.