Nilichagua Uganda, mama mkwe akachagua Tanzania: safari ya pikipiki ya kukodi na abiria ambaye hupaswi kumgusa

Wakuu, habari za mahali mlipo.

Nimeona hapa jukwaani watu wanauliza nchi gani ni nzuri kwa trip fupi ya pikipiki ya kukodi ukiwa na mtu nyuma. Majibu yote ni barabara, mafuta na hoteli. Nami nilianza hivyo hivyo, kwa hivyo wacha niwape yangu ilivyokuwa. Siongezi chumvi. Mke wangu husoma hapa na angeniumbua.

Mimi ni mtu wa Nyeri town, nauza spea za pampu za maji. Pikipiki nimeendesha tangu nimalize shule.

Mama mkwe wangu anaishi juu ya Kerugoya, kwenye majani chai. Ni mama mgumu, mfupi, kitambaa cha bluu kichwani kila siku ya Mungu. Ana shida moja tu: gari. Akifungiwa ndani ya gari lolote anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Kuna mwaka walimpeleka harusi Thika, ikabidi wamshushe Sagana akiwa hoi. Alirudi nyumbani kwa bodaboda akiwa mzima kabisa, eti anaongea njia yote.

Kwa hivyo yeye ni mtu wa boda. Soko boda, kanisa boda, hospitali boda.

Basi watoto wake wakaamua kumpa zawadi: atoke, aone nchi nyingine angalau mara moja maishani. Nani atamtoa bila gari? Macho yote yakanigeukia.

Nikakubali haraka, wakuu. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kukodi pikipiki kubwa kwa muda mrefu.

Nikafanya research kama mtu anayejenga nyumba. Kuna jamaa hapa Nyeri anayekodisha pikipiki za CC 250 kwa wageni wanaokuja kupanda Mlima Kenya. Alikubali kunipa moja siku tano, pamoja na barua ya kuvuka nayo mpaka.

Ethiopia nikaitoa mapema: Moyale ni mbali na kule wanaendesha upande wa kulia. Rwanda pia kulia, na lazima uvuke Uganda kwanza. Tanzania nilikuwa nimesikia trafiki wake hawacheki, kila kijiji ni mwendo wa hamsini, na ningelazimika kupita karibu na Nairobi na malori yake.

Uganda ikashinda. Unapanda Nyahururu, unashuka Nakuru, unafika Malaba bila kugusa Nairobi. Kona tamu, hewa baridi. Nikajiona nikipiga picha Jinja.

Mnaona kosa langu? Kila nchi niliipima kwa mkono unaoshika accelerator. Aliyekaa nyuma sikumuuliza kitu.

Lakini pia kumuuliza si rahisi. Kwetu kuna kitu kinaitwa thoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe hakuangalii usoni ovyo, hamkai kiti kimoja, na jambo zito linapitia kwa mke wako. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni Baba Nyawira, kwa sababu binti yetu Nyawira amepewa jina lake yeye mama mkwe.

Wiki ya safari, mke wangu akaenda kumsaidia kufunga nguo. Akarudi jioni uso umekunjamana.

"Mum hajafunga kitu. Amesema Uganda haendi."

"Ati haendi? Na pikipiki nimeshaongea?"

"Amesema akitoka Kenya mara moja, anaenda kwa Wairimu."

Wairimu ni mdogo wake wa pekee, aliyeolewa Rombo, upande wa Tanzania wa Kilimanjaro, wakiwa wasichana bado. Wamekuwa wakiongea kwa simu tu. Kumbe siku chache nyuma binti ya Wairimu alikuwa amepiga: jicho moja la mama yake limeshazima, na la pili linaenda. Mama mkwe hakumwambia mtu yeyote. Aliona si adabu kupewa zawadi halafu uchague rangi yake.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimeshajua mpaka mahali pa kunywa chai Eldoret. Nikatoka nje nikapiga mawe teke.

Halafu mke wangu akaniambia kwa sauti ndogo, "Hataki kuona nchi. Anataka Wairimu amuone kabla giza halijaingia."

Uganda ikaishia hapo.

Nikapanga upya: Sagana, Thika, Mombasa Road mpaka Emali, tulale pale, kesho yake Loitokitok na mpaka wa Tarakea. Lami mwanzo mwisho.

Ikabaki shida nyingine kubwa kuliko trafiki wote wa Tanzania. Mama mkwe atakaaje mgongoni mwangu siku nzima?

Familia ikafanya kikao. Nawaambia ukweli, watu wazima walikaa chini na chai wakajadili mgongo wangu. Mwishowe wakapata dawa: kiondo. Kiondo kikubwa, kile kikapu chetu cha kusuka, kijazwe nguo, kikae katikati yetu. Yeye asogee nyuma kabisa, nusu kwenye keria. Heshima imelindwa, kila mtu ameridhika. Hata mimi niliona ni akili sana!

Tukafanya test ride, Kerugoya kushuka Sagana kupitia Kagio. Kushuka, hakuna neno. Nikaanza kujisifu kimoyomoyo.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Karibu na Kerugoya kuna kilima, na katikati ya kilima wameweka tuta. Nikashusha gia, nikavuta moto kidogo. Tairi la mbele likawa jepesi kama la baiskeli ya mtoto, tukaruka tuta, na ghafla pikipiki ikawa na nguvu nyingi mno.

Nikageuka. Nyuma hakuna mtu.

Mama mkwe alikuwa ameshika kiondo. Kiondo hakikuwa kimeshika kitu.

Niliiacha pikipiki ianguke huko, nikakimbia. Nikamkuta ameketi kwenye nyasi kando ya barabara, kiwiko kinatoka damu, kitambaa cha bluu bado kimenyooka, kiondo kwenye mapaja. Nikamwambia nisamehe mama, hii safari imekufa, nitamwambia mke wangu tuiache.

Hapo tulikuwa wawili tu. Hakukuwa na mke wangu wa kupitisha ujumbe. Aliangalia majani chai kwanza. Halafu akaniangalia mimi, moja kwa moja.

"Kariuki."

Jina langu! Nilisimama wima kama mtoto wa nursery.

"Mimi huenda soko na boda. Kijana ya watu. Namshika hapa kwa jacket, na hakuna mtu amewahi sema niko na tabia mbaya."

"Ndio, mama."

"Sasa mkwe wangu nimemuacha nyumbani. Hapa niko na boda. Kama wewe si boda, niitie mwingine anipeleke Tanzania."

Akasimama, akajifuta damu kwa kanga, akavaa kamba ya kiondo kichwani, kiondo kikalala mgongoni kwake. Nikainua pikipiki. Akapanda, akasogea mbele mpaka mahali abiria anapotakiwa kukaa, akashika jacket yangu kiunoni kwa mikono miwili.

"Boda, twende."

Wakuu, pikipiki ilitulia kama imepigwa misumari barabarani.

Safari yenyewe sitaichorachora. Thika malori, Mombasa Road upepo, Emali joto. Kila saa tulisimama anyooshe magoti. Mimi ndiye niliyelalamika mgongo, yeye hakulalamika kitu. Asubuhi ya pili Kilimanjaro ikatokea bila mawingu. Akaniambia, "Hii ni kubwa lakini yetu iko na sura poa." Nikamuunga mkono kwa sababu ni kweli.

Tarakea, afisa wa mpaka alikuwa mama mmoja mpole.

"Shikamoo mama, karibu sana."

"Mzuri sana," mama mkwe akajibu.

"Na huyu kijana ni mwanao?"

"Hapana. Ni boda yangu."

Nikafunga macho. Yule afisa akaweka karatasi zetu chini. Akasema kwa upole kwamba kama ni boda ya abiria basi hiyo ni biashara, na pikipiki ya biashara haivuki kwa barua hii.

Nikaanza kujieleza, maneno yakagongana. Mama mkwe akaniwekea mkono begani ninyamaze. Kulikuwa na watu foleni nyuma yetu, wengine wakiongea Kikuyu, nina uhakika walisikia kila kitu.

"Ni mkwe wangu. Bwana ya msichana yangu."

Afisa akatuangalia. "Mkwe wako, mama? Nimewaona mkija pale. Umemshika kiunoni."

"Ndio nimemshika. Nikimwachilia nitaanguka, na nikianguka sitafika. Dada yangu anapoteza macho. Aibu nitaenda kuiona nikirudi."

Afisa akazivuta karatasi zetu. Muhuri ukagonga.

Rombo tulifika jua likiwa bado juu. Hatua chache kabla ya geti mama mkwe akanigonga bega nisimame. Akashuka, akakung'uta vumbi, akanyoosha kitambaa, akatembea mbele yangu kama hatujuani.

Wairimu alikuwa kwenye stuli nje, chini ya migomba. Alisikia hatua. Akasimama, akamvuta dada yake mpaka palipo na jua, akamshika mashavu, akaleta uso wake karibu kabisa mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamgeuza kidogo kulia, kidogo kushoto.

"Umezeeka," akasema. "Umekuwa mama kabisa."

Wote wawili wakacheka, halafu wakalia, halafu hata sijui ni nini walikuwa wanafanya. Mimi nililia nyuma ya migomba, na sioni haya kuisema hapa.

"Umeletwa na nani?"

"Nimeletwa na Baba Nyawira," akajibu, bila kuniangalia. Nikapelekewa chai yangu chumba kingine, kama mkwe anavyostahili.

Siku ya kurudi wakaagana muda mrefu. Nilisukuma pikipiki mpaka nje ya geti, nikawasha, nikangoja nikiangalia mbele. Nikasikia mikono miwili imeshika jacket.

"Boda, twende."

Kwa hivyo mkuu unayeuliza nchi gani: barabara ni muhimu, karatasi ni muhimu, upande wa kuendesha ni muhimu. Lakini muulize kwanza abiria wako ni nani anamngoja huko. Na umkalishe karibu, akushike vizuri, familia iseme itakalosema. Uganda bado iko palepale, nitaenda siku nyingine na mke wangu.

Macho ya Wairimu sasa yamezima yote. Wakiongea kwa simu mama mkwe humuuliza kama bado anamkumbuka sura, na Wairimu humjibu kitambaa ni cha bluu, na mkunjo wa shavu la kushoto ni wa mama yao.

Nyinyi mmewahi kumbeba nani mpaka wapi? Na wale wataalamu wa thoni, nasubiri kelele zenu hapo chini.