Fundi redio aliyesikia mahubiri yote bila kuyasikiliza

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa kibanda uko wazi lakini kazi haijaanza. Fundi ameketi kwenye kigoda chake, miwani imeshuka puani, Biblia imelala wazi kati ya koleo na kopo la skrubu. Nyuma yake rafu zimebeba redio zisizopungua hamsini, nyingine hazina vifuniko, nyingine zimefungwa kwa mpira. Hata moja haijawashwa.

Mwanamke mwenye redio ndogo kwapani anabisha hodi, anauliza kama pamefungwa. Fundi anamwomba amvumilie kidogo. Mwanamke anacheka, anasema hajawahi kuona duka la redio lililo kimya kama makaburi. Fundi anatabasamu, lakini habanduki. Anamaliza ukurasa, anafumba macho, midomo inacheza bila sauti. Ndipo anapochomeka chuma cha kulehemu.

Ana miaka hamsini na minne, na kazi hii aliianza kabla hajaota ndevu. Siku njema hutengeneza redio tano. Siku mbaya huambulia moja, tena ya mtu anayetaka apunguziwe.

Mtaani wanamwita Sauti, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa ndiye anayesimamia vipaza sauti kanisani kwao.

“Nilikuwa nafika kabla ya mchungaji na kuondoka baada ya mlinzi,” anasema. “Mtu yeyote angekwambia, yule ni mtu wa Mungu.”

Anapuliza vumbi kwenye redio iliyofunguliwa.

“Kumbe nilikuwa nasikiliza mlio tu. Maneno yalikuwa yananipita.”

Aliyeligundua hilo ni baba yake. Mzee huyo, mwashi mstaafu, alipigwa na kiharusi kilichomlegeza upande mmoja, akahamia chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe. Kwa miaka mitatu hakuweza kufika ibadani. Kila Jumapili alioshwa, akavishwa shati jeupe, akakalishwa kitandani kumsubiri mwanawe arudi amsimulie.

Swali lilikuwa lile lile: leo neno limesemaje? Fundi alimjibu kwamba ibada ilikuwa nzuri, vipaza havikukoroma hata mara moja. Mzee akiuliza wamesoma kitabu gani, fundi alijikuna kichwa na kusema chakula kinapoa.

Mkewe, ambaye hushona sare za shule, ndiye aliyekuwa akiketi na mzee na kumsimulia.

“Nilimwambia mume wangu, baba hataki habari za nyaya,” anakumbuka mama huyo. “Akanijibu kila mtu na karama yake. Ni kweli. Lakini mimi niliona anajificha nyuma ya ile mitambo.”

Alhamisi moja alasiri, mke akiwa amekwenda kupeleka sare, mzee alizidiwa. Nyumbani walikuwa wawili tu. Alimshika mwanawe kwa ule mkono uliobaki na nguvu, akamwomba amwombee. Fundi alitaka kumpigia mchungaji simu.

“Sijamwita mchungaji,” mzee akasema. “Nimekuita wewe.”

Fundi anasimulia yaliyofuata akiwa ameiweka kazi chini.

“Nikaanza, Baba yetu uliye mbinguni. Nikafika katikati, nikakwama. Sala aliyonifundisha yeye mwenyewe, nikiwa sijajua hata kufunga vifungo vya shati.”

Aliyeimalizia ni mzee, kwa ulimi mzito wa maradhi. Kisha badala ya kujiombea, akamwombea mwanawe. Alimwomba Mungu amshibishe mtoto huyu, kwani ameihudumia meza miaka yote na mwenyewe hajala.

Alifariki Jumamosi asubuhi.

Hata siku ya mazishi fundi hakutoka kwenye mitambo. Watu walimsifu, wakasema maneno yalifika mpaka barabarani. Yeye hakumbuki hata moja.

“Nimemzika baba yangu nikiwa nimeinamia nyaya,” anasema. “Hilo siwezi kulitengeneza.”

Miezi miwili baadaye, umeme ulikatika katikati ya ibada. Fundi alibaki mikono mitupu, hana swichi ya kugusa. Mchungaji akaendelea kusoma zaburi kwa sauti yake ya kawaida, na waliokaa nyuma wakalazimika kuinama mbele ili wasikie. Fundi naye akainama. Anasema ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba kuna mtu anasemeshwa, na mtu huyo ni yeye. Umeme uliporudi, watu waligeuka kumtazama, wakijiuliza kwa nini hawashi mitambo. Alikuwa analia.

Tangu hapo hafungui kazi kabla ya kusoma na kuomba. Baadhi ya wateja wamehamia kwa fundi mwingine, asiye na ibada za asubuhi. Hajutii hilo.

“Zamani nilikuwa kama mtu anayetafuna kutwa nzima na hashibi. Sasa nakula kidogo, nashiba. Mungu yuko karibu, namwambia hata habari za redio zilizonishinda.”

Lakini shibe hiyo ina mwiba. Hupita mbele ya chumba cha nyuma kila siku, na kila siku hukumbuka kwamba Jumapili zaidi ya mia na hamsini mzee alivaa shati jeupe bure.

“Alinisamehe hata sijaomba,” anasema. “Ndiyo maana inauma.”

Sasa anamfundisha mwalimu mmoja wa kike kazi ya mitambo, ili mwaka ukiisha amwachie. Anataka kukaa kwenye benchi kando ya mkewe, mahali ambapo miaka yote mkewe amekuwa akiweka mkoba.

Mkewe ana wasiwasi kwamba spika ikikoroma tu, mumewe atageuka nyuma na kusahau mahubiri. Fundi habishi.

“Nitageuka,” anakiri. “Lakini nikigeuka, atanikanyaga mguu. Tumeshakubaliana.”