Wino wa Nyongeza

Sijawahi kununua kalamu bila kumshuku anayeniuzia. Na nikisema kalamu simaanishi zile za dukani ambazo mtu ananunua leo na kuzisahau kesho mezani kwa mwenzake. Nazungumzia kalamu za wino wa kujaza, zenye ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, zile ambazo wakubwa wa zamani walizichomeka kwenye mfuko wa shati kwa mbwembwe. Mimi si mkubwa. Ni karani wa masjala hapa Kibaha, na maisha yangu ya kazi yote yamekwisha kwenye kukagua mihuri na saini. Ukishapokea maombi ya ruhusa ya mtu ambaye baba yake amefariki mara tatu, huwezi tena kusoma barua kwa moyo mweupe.

Kalamu zangu nyingi zimetoka mnadani Mlandizi. Kuna jamaa pale hutandaza turubai lenye vitu vilivyokosa wenyewe: rimoti, miwani, saa zilizosimama, chaja za simu ambazo hazitengenezwi tena. Kalamu huzisimamisha kwenye kopo la maziwa. Nyingi ni za Kichina, za bei ya chini, nyingine zimetumika, nyingine bado zimo kwenye nailoni zake. Mimi huenda na kioo cha kukuzia, kichupa cha wino na karatasi iliyokunjwa mara nne. Naielekeza ncha juani nione kama mwanga unapenya sawasawa kwenye ule mpasuko. Naifungua tumboni. Nainusa.

"Mzee, unaikagua au unaiposa?" jamaa aliniuliza siku moja, na watu waliokuwa wakichagua miwani wakacheka.

Sikujali. Nilimwambia mfuniko una ufa. Akasema hauna. Nikamwonyesha kwa kioo, naye akakubali kwamba upo, ila akadai ni mdogo. Biashara yetu ilikuwa hivyo, na nadhani kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake kwa hamu.

Nyumbani ndipo kazi ilipokuwa inaanza. Kalamu ya bei ndogo haitoki kiwandani ikijua kuandika. Ncha ina meno mawili, na mara nyingi jino moja limepanda juu ya mwenzake, basi inakwaruza karatasi kama kucha. Unalisukuma lile jino kwa ukucha wa gumba, kidogo sana, unajaribu, unalisukuma tena. Kama meno yamebanana na wino hautaki kushuka, unapitisha katikati yake kipande chembamba ulichokata kwenye kopo la soda. Mwisho unachukua msasa laini kabisa, ule wa mafundi wanaopaka rangi magari, unaulowesha maji na kuchora juu yake namba nane, mara kumi tu, kisha unaacha. Ukizidisha umeharibu. Mke wangu aliniambia kwamba laiti ningekuwa nawasikiliza watu kama ninavyosikiliza ncha ya kalamu, tungekuwa na marafiki wengi. Nilimjibu kwamba ncha haidanganyi.

Kila kalamu iliyopona nilikuwa naijaribu kwenye kauntabuku moja, kwa sentensi ileile ya kiofisi: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Pembeni naandika ni kalamu gani na wino gani. Nilikuwa na kurasa na kurasa za watu wasiojulikana wakiombwa kuhusika.

Sasa, siku niliyonunua kalamu yangu bora kuliko zote, nyeusi, nyembamba, yenye ncha iliyohitaji kusukumwa mara mbili tu, yule jamaa wa Mlandizi alinipa nyongeza. Ilikuwa pakiti ya katriji, yaani vichupa vidogo vya plastiki vilivyojazwa wino tayari, ambavyo unachomeka tumboni mwa kalamu. Bluu nzuri, iliyokolea, yenye kuelekea zambarau. Pakiti ilikuwa na maandishi ya Kichina na picha ya mtoto wa shule anayecheka. Niliambiwa vichupa ni kumi. Nilivihesabu palepale mbele yake, kimoja kimoja, kuhakikisha hanipunji. Vilikuwa kumi. Nikaondoka nimeridhika.

Miezi michache baadaye mama alifariki. Alikuwa anaishi Masaki, ile ya Kisarawe, kwenye shamba lake la mikorosho na mihogo, na watoto wake tulikuwa wawili tu: dada yangu, ambaye amenitangulia kwa miaka minane na anaishi palepale na mumewe, na mimi. Mama alikwishatugawia kwa mdomo. Sehemu ya juu, yenye nyumba, ya dada. Sehemu ya bondeni, yenye mikorosho ya zamani, yangu. Baada ya arobaini tukakaa kuandika, kwa sababu siku hizi ardhi ya Kisarawe inatazamwa na watu wa mjini wenye miwani ya jua, na maneno ya mdomo hayamsimamishi mtu wa namna hiyo.

Kila mtu alijua mwandishi ni mimi. Shemeji yangu ni mwalimu mstaafu na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, lakini sikumpa nafasi. Nilikuwa na hoja yangu. Kalamu ya kawaida kila mtu anayo. Mtu akitaka kuongeza neno kwenye karatasi baada ya miaka miwili, anaongeza kwa wino uleule na hakuna atakayegundua. Lakini bluu yangu ile, nilijiambia, Kisarawe nzima ninayo mimi peke yangu. Atakayechezea karatasi ataumbuka. Niliandika nakala mbili, moja ya dada na moja yangu, nikataja mti mmoja mmoja wa mpakani. Nikasaini. Ulipofika wakati wa wengine kusaini nikaificha kalamu mfukoni, maana ncha iliyozoea mkono mmoja ukiipa mkono mwingine inaharibika. Dada, shemeji na mwenyekiti wa kitongoji wakasaini kwa kalamu ya mwenyekiti. Mwenyekiti akagonga muhuri.

Nakala yangu niliitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikasaini juu ya gundi, nikaifungia sandukuni Kibaha. Sikuifungua tena.

Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha dada aliponipigia simu. Jirani yao alikuwa anauza kipande chake, na mnunuzi alitaka kuona mpaka wetu kwenye maandishi. Dada akaitoa karatasi kwenye mkoba wa vyeti.

"Mdogo wangu, hii karatasi imekuwa nyeupe."

"Nyeupe vipi?"

"Nyeupe. Maneno hayapo. Saini zetu zipo, muhuri upo. Yako haipo."

Machale yakanicheza. Nikamuuliza nani aliyewahi kuishika ile karatasi. Akafikiri, akasema hakuna, ila shemeji yangu aliwahi kuipeleka Kisarawe mjini kutoa kopi, mara tu baada ya kuandikiana. Nikauliza kopi iko wapi. Hakujua alikoiweka.

Sikuhitaji kusikia zaidi. Karatasi yenye saini na muhuri lakini isiyo na maneno si karatasi iliyoharibika. Ni karatasi iliyoandaliwa. Mtu anaijaza anavyotaka. Na anayeandaa karatasi ya namna hiyo huanza kwa kuondoa saini ya yule asiyetakiwa kwenye mgawo. Nimeyaona mambo hayo masjala, ya dawa za kufutia na ya wembe. Kichwani mwangu nilikwishampatia shemeji mnunuzi, bei na siku ya kukabidhiana. Usingizi wa wiki ile ulikuwa wa kubahatisha, na nakiri kwamba ndani ya hasira yangu kulikuwa na raha fulani ya mtu aliyesema siku zote kwamba watu hawaaminiki.

Jumamosi nilifika Masaki kwa bodaboda, bahasha yangu ikiwa kifuani ndani ya shati. Nilikuwa nimempigia mwenyekiti awepo. Nilimwamkia dada, nikamwamkia shemeji, naye akaitikia marahaba kwa uchangamfu kama kawaida yake, na hata uchangamfu ule niliuandika kichwani kama ushahidi. Dada alikuwa amepika kisamvu cha nazi. Nikasema nitakula baadaye.

Nikaanza kumhoji. Kopi alitolea duka gani? Karatasi ilikaa muda gani mikononi mwa watu? Kwa nini hakuniambia? Shemeji alijibu kila swali polepole, kama mwalimu anayemjibu mwanafunzi aliyechelewa kuelewa. Kisha nikatamka nililokuja nalo.

"Shemeji, hii karatasi imefutwa. Na aliyeitoa humu ndani ni wewe."

Dada aliweka chini sinia la chakula. Mwenyekiti akaanza kuangalia simu yake. Shemeji aliinuka, akaingia chumbani, akakaa humo muda mrefu, akatoka na jalada lake la mambo ya pensheni. Katikati ya karatasi za mafao ilikuwemo ile kopi. Maneno yote yalikuwepo, yamefifia kidogo kama kopi za bluu zinavyofifia, lakini yanasomeka: mti kwa mti, juu kwa dada, bondeni kwangu, na saini yangu chini.

Ningeweza kuishia pale. Mungu ananijua, nafasi niliipata. Badala yake nikasema kopi si ushahidi, kopi inaweza kutengenezwa, na kwamba ukweli nimeuleta mimi mwenyewe. Nikatoa bahasha. Nikamwonyesha mwenyekiti gundi na saini yangu juu yake, ambayo ilikuwa kivuli tu, na hata hapo sikushtuka. Nikachana.

Karatasi ilikuwa tupu. Saini tatu, muhuri, na juu yake weupe. Nikiinamisha karatasi niliweza kuona mikwaruzo ya ncha yangu mahali maneno yalipokuwa.

Hakuna aliyenicheka, na ningeshukuru kama wangecheka. Shemeji ndiye aliyeongea, kwa sauti ya kunihurumia, akauliza kama niliandikia wino wa watoto wa shule, ule wa kufutika. Nikasema sijui. Kisha dada akaichukua ile karatasi mikononi mwangu, akaiweka sambamba na yake.

"Saini yangu ipo kwenye karatasi tupu mbili," alisema. "Yako haipo hata kwenye moja. Na moja ulikuwa umeifungia kwako. Ingekuwa mimi nimekufanyia hivi, ungenifikiria nini?"

Jibu nililijua vizuri mno.

Nilirudi Kibaha nikafungua kauntabuku. Kurasa za wino wa chupa zilikuwa salama, zikiomba watu wahusike na kichwa cha habari hapo juu. Kurasa za vile vichupa vya nyongeza zilikuwa nyeupe. Binti wa steshenari moja karibu na ofisini, anayeagiza vifaa kutoka China, aliisoma pakiti kwa simu yake na kuniambia imeandikwa waziwazi: bluu ya wanafunzi, hufifia na kufutika yenyewe, haifai kwa nyaraka. Nilikuwa nimevihesabu vichupa vyote kumi wala sikuuliza ndani yake mna nini.

Nilimpigia shemeji nikamwomba radhi. Alisema yamekwisha. Nikamwomba na dada, naye akasema yamekwisha, halafu akauliza nitakuja lini kuandika upya.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata na kalamu mbili za kawaida, nyeusi, za dukani. Nilitaka shemeji aandike yeye. Akakataa kwa adabu, akasema hataki karatasi hiyo ipite tena mikononi mwake. Basi nikaandika mimi, kutoka kwenye kopi yake, mbele ya mwenyekiti, neno kwa neno. Nikasaini, nikamsogezea dada.

Mara ya kwanza, baada ya arobaini, dada alisaini bila kusoma. Mwenyekiti alimwuliza kama asomewe, akajibu, "Ameandika mdogo wangu," akaweka saini yake huku akizungumza na watu wengine. Safari hii aliomba miwani ya mumewe. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza akaanza kusoma kwa midomo, mti kwa mti, mpaka chini kabisa kwenye tarehe. Nilimsogezea kalamu. Hakuichukua. Alirudisha kidole juu, mstari wa kwanza, akaanza tena.