Nyumba Iliyonilipia Karo

Nilikuwa nakaribia miaka arobaini nilipokubaliwa kusomea digrii, na aliyejua pesa zitatoka wapi hakuwa mimi. Alikuwa mke wangu. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo, nami nimesimama kando yake nikimweleza kwa nini haiwezekani. Mshahara wangu wa ualimu wa shule ya msingi ulikuwa unakatwa kila mwezi kwa ajili ya mkopo wa chama cha ushirika, ule tuliojengea nyumba. Hakuna mtu ambaye angenikopesha tena.

"Si tupangishe nyumba," alisema bila kuinua macho.

"Halafu tulale wapi?"

"Mimi na watoto tutaenda nyumbani. Wewe utalala stoo."

Nyumbani ilikuwa Kombewa, kwenye shamba la marehemu baba yangu, ambako nyumba ya udongo ilikuwa imefungwa tangu mama alipofariki. Stoo ilikuwa kibanda cha mabati uani, hapo hapo Kisumu, tulimoweka makaa na baiskeli. Na nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu, juu kidogo ya mtaa wa Obunga. Tulikuwa tumeingia juzi tu. Rangi ya madirisha ilikuwa bado inanuka. Nilicheka nikidhani ananitania. Aliendelea kuchambua omena.

Pikapu ilikuja mwisho wa mwezi. Binti zetu wawili walikaa nyuma juu ya magodoro, wamemshika kaka yao mdogo katikati. Mke wangu alikaa mbele na dereva, kikapu cha kuku mapajani. Mimi nilibaki, kwa sababu wapangaji walikuwa wanakuja kuchukua funguo mchana ule. Nilifagia vyumba vyote vitatu. Vilikuwa vimeshafagiliwa.

Wapangaji walikuwa karani wa kiwanda cha samaki, mkewe, na watoto wao wadogo. Walikuwa watu wazuri, na kodi walilipa bila kusukumwa. Tatizo lilikuwa bomba. Bomba la maji lilikuwa moja, nalo lilikuwa ndani, jikoni. Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama na ndoo nje ya mlango nilioununua mimi mwenyewe kwa fundi, nikabisha.

"Hodi."

"Karibu, Mwalimu. Chai iko."

"Asante, mama. Nimeshakunywa."

Sikuwa nimekunywa. Niliogopa tu kwamba nikikaa kwenye ile meza nitashindwa kuinuka.

Baadaye yule mama aliniomba ruhusa apake sebule rangi ya kijani. Nilikubali. Nilipochungulia dirishani na kuona ukuta wa kijani, niliweza kujiambia kwamba hii ni nyumba ya watu wengine, na hilo lilinisaidia kidogo. Lakini jioni, nikisahihisha madaftari, sauti zilivuka ua zikaja hadi kwangu: sahani, redio, mtoto akiambiwa anawe miguu kabla ya kupanda kitandani. Kisha walinyamaza wote, baba akaanza kuomba. Mara nyingi nilijikuta nimeitikia amina pamoja nao, peke yangu ndani ya mabati, kalamu nyekundu mkononi.

Watu waliniuliza kwa nini siendi Kombewa, si mbali. Si mbali kweli. Lakini masomo yetu yalipangwa kwa ajili ya walimu walio kazini. Shule zikifunguliwa tunafundisha; zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, tunakwenda chuoni. Kodi haikutosha karo yote, kwa hiyo Jumamosi nilifundisha Kiswahili kwa watoto wa Mhindi mmoja mwenye duka la vyuma mjini. Jumapili nilifua, nikasoma. Likizo, ambapo watoto wa walimu wengine walikuwa na baba zao nyumbani, mimi nilikuwa bwenini, nimelala kwenye kitanda cha kijana aliyekwenda kwao. Tulikuwa wanaume wenye vipara na vitambi, tukipanga foleni ya ugali na kabichi.

Jumapili wake za wenzangu walikuja kuwatembelea. Wangu alikuwa na shamba. Siku za soko la Otonglo alimpa mtu njugu aniletee, zimefungwa kwenye gazeti, bila ujumbe wowote. Nilizila chache chache nikisoma saikolojia ya mtoto: anachohitaji akiwa na miaka minne, anachohitaji akiwa na sita. Mwanangu alikuwa na minne nilipoanza kozi ile.

Jumamosi moja yule mwenye duka alisafiri na watoto wake, nikapata nafasi, nikaenda Kombewa na mkate na sukari. Watoto walinifurahia. Walinisimulia kisa cha ng'ombe wa jirani aliyeingia kanisani, na walipofika mahali fulani wote walicheka, hata mke wangu, kabla hata kisa hakijafika kwenye kichekesho. Nikacheka pia, nikichelewa. Kisha binti yangu mkubwa akaniletea maji ya kunawa, akapiga goti kidogo, akanimiminia chai kwenye kikombe cha kaure chenye maua. Wao walikunywa kwa vikombe vya bati. Kile cha maua kilikuwa cha wageni. Nilikijua, nilikinunua mimi.

Miaka ilipita hivyo. Nikafanya mitihani, nikafaulu.

Siku ya kuhitimu mke wangu alikuja amevaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona.

"Gauni zuri," nilimwambia.

"La kikundi," alisema.

"Kikundi gani?"

"Cha akina mama. Mimi ndio mwenyekiti."

Tulipigwa picha, mimi na joho, yeye na gauni lake. Sikuuliza zaidi, watu walikuwa wengi na jua lilikuwa kali.

Muda mfupi baadaye yule karani alipata kiwanja chake, wakahama. Nilipaka sebule rangi nyeupe, nikanunua kitanda cha mvulana, nikaenda kuwachukua wangu. Nilimkuta mke wangu akianika mahindi. Nilimweleza habari ya kitanda na rangi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba," alisema, "mimi sirudi."

"Hurudi kivipi?"

"Hapa nina shamba, nina ng'ombe wawili, nina hawa akina mama. Watoto wako shule. Kule nitafanya nini? Nitakaa mlangoni nikungoje utoke kazini?"

"Lakini tulikubaliana."

"Tulikubaliana usome. Umesoma." Alinyoosha mgongo, akanitazama vizuri. "Sijakasirika na wewe. Nilikuja hapa kwa sababu ya karo yako, na sasa nimekaa. Wewe njoo. Mlango uko wazi."

Nilirudi mjini siku ile ile, nikalala kwenye nyumba yenye vyumba vitatu, kitanda cha mvulana bado kimefungwa nailoni. Nilipandishwa cheo, nikapelekwa shule ya sekondari. Kwa majuma kadhaa sikwenda popote. Nilipika, nikala, nikaosha sahani moja.

Halafu Ijumaa moja, baada ya kipindi cha mwisho, nilikwenda. Nilikuta uani akina mama kama kumi wameketi kwenye mkeka wakimenya njugu za kuuza, mke wangu katikati yao akigawa kazi. Alinitikisia kichwa kwa salamu, akaendelea kusema. Hakukuwa na kiti, basi nikavua viatu, nikakaa ukingoni mwa mkeka.

Mama mmoja mzee aliniangalia. "Mwalimu, hayo masomo yako yameisha?"

"Yameisha, mama."

"Basi vizuri. Sogeza hilo beseni huku."

Nikalisogeza. Nikachota njugu kiganjani, nikaanza kumenya.