Moshi wa Pilipili Siku ya Posa ya Zena

Jambo hili nimelisimulia mara chache sana, na kila mara huwa natazama kwanza kama barazani pana mtu wa Kondoa, maana sitaki kujikuta namweleza mjukuu jinsi nilivyomwangusha babu yake mbele ya wakwe. Leo naona tuko wenyewe. Basi sikilizeni, na penye kucheka chekeni, mimi mwenyewe pengine nitacheka pale katikati, ila mkiona nimenyamaza kidogo mnivumilie.

Ilikuwa Arusha mjini, enzi za Mwingereza, mimi nikiwa fundi katika gereji ya Kalasinga mmoja, kijana wa mikono ya grisi na maneno mengi. Nilipanga chumba uani kwa Mhindi mwenye duka, nyumba ndefu ya bati yenye vyumba vilivyofuatana kama mabehewa, na kuta zake (hili mlishike, maana ndilo lililoniponza) hazikufika juu, zilikoma chini ya bati zikaacha uwazi ambao paka alipita bila hata kujikunja, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakuombea afya.

Humo ndimo nilimoishi na mke wangu Naomi, Mama Anna, na humo ndimo alimofia. Aliugua masika yote, homa inaondoka, inarudi, inaondoka, inarudi. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Zena, mjane wa Kirangi, na huyo ndiye aliyemwogesha mke wangu, akamlisha uji kwa kijiko, akamfulia, wakati mimi nimelala chini ya malori ya watu nafungua nati. Alipofariki tulimpeleka kwetu Singisi tukamzika penye migomba, mama yangu akabaki na mtoto wetu Anna, mimi nikarudi mjini peke yangu nikajaribu kuishi mle chumbani. Nikashindwa. Nikamwambia mwenye nyumba kwamba nahama.

Sasa, mwenye nyumba alikuwa na mkewe, Mama Shirini. Si mama mbaya, alikuja hata msibani, lakini mpangaji akihama alikuwa anakagua chumba mwenyewe, anapitisha kidole mpaka nyuma ya mlango, na akikuta uchafu hasemi na wewe kwa siri, anatoka anasimama katikati ya ua na kutangaza. Kuna familia ilitangazwa hivyo mpaka wateja wa dukani wakaja kuchungulia. Mke wangu alikuwa mzima bado siku ile, akaniambia, "Baba Anna, siku tukihama sisi, yule mama atakosa la kusema." Basi mimi nikaapa moyoni kwamba hatapata la kusema. Mtu amekufa, hawezi kujitetea, halafu aje asemwe mchafu na mimi nipo? Hapana.

Nikachagua Jumapili, gereji ikiwa imefungwa. Asubuhi nilimkuta Mama Zena nje anapepeta mchele, amevaa kanga mpya, na kwa kweli aliniambia, siwezi kusema hakuniambia.

"Shemeji, leo nina wageni. Washenga wanakuja kumposa Zena, wametoka Kondoa na lori toka juzi."

"Hongera sana, Mama Zena. Mungu awatangulie," nikajibu vizuri tu, nikaingia ndani, na neno lile likanitoka kichwani kabla sijashika ufagio. Siku zile nilikuwa hivyo. Ungeweza kuniambia nyumba inaungua nikakuitikia asante.

Nikaanza kazi. Mnijue, mimi sikuwahi kusugua sakafu maishani mwangu. Nilimwaga maji ndoo nzima kwa mpigo, nikatia sabuni kama ninayeosha injini, maji yakapita chini ya mlango yakaenda zake kwenye ujia wote wa mbele ya vyumba, nami nikayatazama nikasema yatakauka. Nikasugua masizi ukutani pale mke wangu alipokuwa akiweka jiko siku za mvua, nikatoa utando wa buibui, na mkono ukaniuma nikafurahi, maana tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza nafanya kitu kwa ajili yake.

Halafu nikageuza kitanda. Kilikuwa cha mbao na kamba za mkonge, na kwenye maungio ya kamba, ndugu zangu, kunguni. Si mmoja wala wawili, ni kijiji kizima, na wengine wamehamia kwenye nyufa za ukuta. Mama Anna akiwa mzima, kitanda kile kilitolewa juani kila wiki, lakini kingetolewaje yeye akiwa amelala juu yake anatetemeka? Nilikaa sakafuni kwenye maji nikawaza kidole cha Mama Shirini kikiingia kwenye zile nyufa.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo. Ningebisha hodi mlango wa pili nikasema, "Mama Zena, nisaidie, nina kunguni," yangekwisha. Lakini niliona aibu kulitamka. Nikakumbuka kwamba mke wangu alikuwa anachoma pilipili kavu kwenye makaa kufukuza wadudu, nilishawahi kusikia harufu yake nikitoka kazini. Alitia ngapi? Sikujua. Mwanamume unakuta kazi imekwisha, unauliza chakula. Rafuni palikuwa na kopo lake la pilipili kichaa zilizokauka, nikasema kunguni wengi, pilipili nyingi, nikamimina kopo lote kwenye jiko lililokolea. Nikaziba dirisha kwa gunia, nikatoka mbio, nikafunga mlango kwa kufuli ili mtu asiufungue kwa bahati mbaya, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda zangu bombani mwisho wa ua kukamua matambara. Nilijiona mjanja kweli.

Kumbe moshi umepaa, umekuta ule uwazi chini ya bati, umegeuka kushoto, umeteremka kwa Mama Zena.

Nilisikia kikohozi kimoja. Nikaendelea kukamua. Kikaja cha pili, cha tatu, halafu vikawa vingi kwa pamoja, na mlango wa Mama Zena ukafunguka kwa kishindo, wanaume wenye kanzu nyeupe wakatoka wamejishika nyuso, mmoja amebeba kiatu kimoja, mwingine anaita jina la Mungu lakini sauti haitoki, kaka yake Mama Zena nyuma yao anajaribu kusema, "Samahani wazee, samahani," na kila samahani inakatika katikati kwa chafya. Mtu akapiga kelele, "Moto!" Basi ua mzima ukafunguka, watu wakaja na ndoo, na masufuria, na beseni la maji yaliyooshewa vyombo, wakamwagia mlango wangu, na mlango una kufuli, na mwenye ufunguo ni mimi, ninayekuja mbio kutoka bombani huku nimeshika tambara linalotiririka maji.

Nikafungua. (Msiniulize kwa nini.) Moshi wote uliokuwa umebanwa ndani ukatoka kwa pamoja ukatupiga usoni, na waliokuwa wamepata nafuu wakaanza upya. Mshenga mkuu, Mzee Idi, ndiye baba wa kijana mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kofia safi ya mkono, akarudi kinyumenyume akipapasa njia, amefumba macho, akafika kwenye ujia wangu ule wa maji ya sabuni. Miguu ikamtangulia. Alikaa chini kwa kishindo ambacho mpaka leo nakisikia, kofia ikabingirika mpaka kwenye mfereji, na pale mlangoni Zena, aliyekuwa hatakiwi hata kuonekana siku ile, amesimama na ukaya kichwani anamwona baba mkwe wake kwenye tope.

Mama Shirini akafika, sari mdomoni. "Wewe Baba Anna! Unachoma nini ndani ya nyumba yetu?"

Ndoo zikashushwa, watu wote wakanigeukia. Nilitafuta uongo wowote, sikupata hata mmoja.

"Kunguni," nikasema.

"Nini?"

"Kunguni, mama! Nachoma kunguni!"

Mtu akacheka nyuma ya ndoo, mwingine akadakia, likawa neno la ua mzima, kunguni, kunguni, na mimi ndiye niliyelitangaza kwa mdomo wangu mwenyewe kwa sauti ambayo Mama Shirini asingeifikia. Nikapandwa na kitu nisichokijua, nikaanza kupiga kelele, "Mke wangu hakuwa mchafu! Alikuwa mgonjwa! Hakuwa mchafu!" na machozi yananitoka, na kwa kuwa kila mtu pale alikuwa anatokwa na machozi, hakuna aliyejua kwamba yangu hayakuwa ya pilipili. Mazishini sikulia. Nililia pale, nimeshika tambara.

Mzee Idi aliinuliwa, akafutwa, akakataa maji. Akamwambia kaka yake Mama Zena kwa upole kabisa, "Tutaleta habari," na wote tuliosikia tulijua maana yake. Wakaondoka, na pilau ikabaki kwenye sinia imeingia maji ya watu.

Mama Zena hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Alisimama mlangoni kwangu mpaka moshi ukapungua, akaniuliza taratibu, "Shemeji, kwa nini hukuniita? Kazi hii tulikuwa tunaifanya pamoja, mimi na Naomi. Punje chache tu, tena siku ambayo ua hauna watu. Ni chumba gani hapa kisicho na kunguni? Hata kwangu wapo." Kisha akajifunga kanga yake mpya kiunoni, akaingia, akanionyesha namna ya kumwagia kamba maji ya moto, na tukamaliza kile chumba wawili. Upande wa pili wa ukuta Zena alikuwa analia, nasi tunamsikia vizuri sana.

Kesho yake, badala ya kwenda kazini, nilitembea mpaka Lemara walikofikia wale wageni. "Shikamoo mzee," nikasema, nikapiga goti, nikamweleza yote tangu homa ya mke wangu mpaka kopo. Mzee Idi alisikiliza, akaniuliza mtoto yuko na nani, akanipa pole ya kweli. Halafu akasema, "Mwanangu, nimekusamehe. Lakini nimeanguka mbele ya wakwe, na yule binti ameniona. Nitakaaje naye nyumba moja?" Nikamsihi. Akatikisa kichwa. Mchana lori likaondoka nao, na habari haikuletwa.

Mama Shirini alikuja akakagua, akapitisha kidole chake kila mahali, akasema, "Safi," akachukua ufunguo. Sikusikia raha hata kidogo.

Zena alikuja kuolewa baadaye, nikaambiwa ni mbali, Singida huko, na zaidi ya hapo sikuthubutu kuuliza. Mimi tangu siku ile aibu ya nyumbani kwangu huwa naipeleka kwa jirani ikiwa bado changa, hata kama ni kunguni, hata kama ni kubwa kuliko kunguni, na wanangu nimewafundisha hivyo hivyo.

Asubuhi niliyohama nilijitwisha godoro, nikasimama mlangoni kwa Mama Zena nikaaga. Akanipa mkono, akaniambia, "Msalimie sana Anna." Siku zote mgeni akitoka pale, hata awe muuza mkaa, Mama Zena alimsindikiza mpaka barabarani. Mimi nilifika barabarani peke yangu, nikageuka kutazama. Mlango ulikuwa umefungwa.