Makaa ya Mshona Kofia

Miaka ile makanisa ya Vermont, kule Marekani, hayakuwa na jiko la kuota moto, na wakati wa baridi pumzi za waumini zilielea juu ya zaburi kama ukungu. Kila Jumapili mshona kofia alikuja na kisanduku chake cha bati chenye makaa ya moto ya kupashia miguu, akakificha chini ya marinda ya gauni lake, akafumba macho kama paka aliyeshiba, vidole vikishona hewani. Jirani yake Keziah alikaa kando yake kwa mazoea tu. Hawakuwa wakisemezana tangu mbuzi wa Keziah alipotafuna kofia ya bibi harusi. Jumapili ya kwanza baada ya kumzika mumewe, Keziah alitetemeka mpaka benchi likatikisika. Bila kugeuza shingo, mshona kofia akamsukumia kisanduku kwa kisigino.

"Weka miguu, wewe," akanong'ona. "Na yule mbuzi sijamsamehe."